Basi likijaa Waingereza husema "chocka". Hii "chock-a-block" imetoka wapi?

#1 Binti Saadani
Habari wanajamvi. Nipo Liverpool mwaka wa pili sasa. Kiingereza cha darasani kilinifikisha uwanja wa ndege, kuanzia hapo najifunza upya. Kuna neno moja limenikaa kichwani. Basi likijaa, watu wa hapa husema "chocka". Mjini Jumamosi kukiwa na watu, "town's chocka". Kabati halifungi kwa nguo, chocka. Ukiuliza unaambiwa ni kifupi cha "chock-a-block", na ukichimba zaidi kila mtu ana lake. Kazini nimeuliza watu wanne nimepata majibu manne. Mmoja anasema ni chokoleti, kwa sababu kuna wanaoandika "choc-a-bloc". Mwingine kasema ni mambo ya reli.

Wajuvi wa lugha nisaidieni. Hiyo block ni block ya nini? Na chock ni kitu gani?

#2 Kigogo wa Mikoroshini
Natandika mkeka hapa. Nyuzi za namna hii ndizo zilizonileta jukwaani.

#3 Utingo Mstaafu
Dada, hili lipo wazi. Nimelala kwenye malori miaka kumi na moja, Dar hadi Tunduma, Tunduma hadi Lubumbashi. Chock ni kile kipande cha mti kinachowekwa nyuma ya tairi lori lisirudi kinyumenyume. Sisi tulikiita kigingi, wengine kabari, na kisipokuwepo ni jiwe. Gari likisimama mlima Kitonga, kazi ya kwanza ya utingo ni hiyo. Unaruka gari halijatulia, unasukuma kigingi chini ya tairi la nyuma, unasogea pembeni, unasikiliza. Dereva akiachia breki gari linarudi kidogo, linakilalia, mti unalia "krr", kisha kimya. Hapo hata wembe haupiti kati ya mti na mpira. Block nayo ni gogo. Gogo na kabari vimebanana, ndiyo maana ya kujaa.

#4 Jongoo Mwendo
Utingo, kigingi kimoja chini ya tairi moja, msongamano uko wapi hapo? Kujaa kunataka wengi.

#5 Utingo Mstaafu
Kubanana hakutaki wengi mkuu. Wawili kwenye siti ya mmoja wanatosha.

#6 Kasri la Maneno
Nafundisha Kiingereza sekondari na jambo hili nimewahi kulifuatilia. Msianzie kwenye "chock-a-block", anzieni kwa kaka yake, "chock-full", ambaye ana umri mkubwa zaidi. Lipo katika shairi la kale la Kiingereza linalosimulia kifo cha Mfalme Arthur, la karibu mwaka 1400, likiandikwa "chokkefulle". Mstari wenyewe unazungumzia magari ya kukokotwa yaliyojaa dhahabu. Kwa hiyo wazo la chock na kujaa lilikuwepo miaka zaidi ya mia nne kabla ya mtu kuandika "chock-a-block".

Asili ya "chokke" hiyo ndipo wataalamu wanapogawanyika. Wapo wanaoihusisha na "choke", kukaba roho, yaani kujaa hadi kukabwa. Wapo wanaoihusisha na neno la kale la shavu au taya, yaani kujaa mdomo tele. Mimi nalipenda hili la pili. Mtazame mtoto aliyeficha muhogo mashavu yote mawili kaka yake asimnyang'anye, utaiona "chokkefulle" kwa macho.

Kigingi cha Utingo ni neno jingine, linadhaniwa kutoka Kifaransa cha kaskazini, lenye maana ya kigogo au kisiki. Huenda chock hizi mbili zilikutana njiani tu, zikafanana sura.

#7 Kigogo wa Mikoroshini
Nondo hizi. Endelea mwalimu.

#8 Mwana wa Jahazi
Salamu kutoka Lamu. Mwalimu kasema kweli kuhusu kaka mtu, lakini "chock-a-block" ni neno la baharini na block yake si gogo. Block ni kapi. Kiingereza cha mabaharia kapi huitwa block mpaka leo.

Ngojeni niwaeleze kwa jahazi letu, maana jambo ni lilelile. Tanga hupandishwa pamoja na foromali, ule mti mrefu unaolishika. Foromali imefungwa henza, kamba nene inayopita kichwani mwa mlingoti na kurudi chini upande wa pili. Ncha ya henza huko nyuma imeshika gofia, nayo ni kapi. Kamba nyembamba, jarari, inapita ndani ya gofia na ndani ya kapi la chini lililofungwa kwenye chombo. Sasa wavutaji wanashika jarari. Wanavuta, gofia inashuka, foromali inapanda. Wanavuta tena, kwa kuimba ili mikono ishuke pamoja. Mwanzoni kati ya makapi mawili kuna nafasi ndefu kuliko mtu. Inapungua, inapungua, mpaka gofia inagonga kapi la chini. Ko! Hapo hata walete wanaume ishirini wengine hakuna kitu, kamba haivutiki. Makapi yamekutana.

Hiyo ndiyo "chock-a-block" ya Waingereza. Babu yangu aliniweka pale karibu na gofia nikiwa na miaka tisa nipige kelele ikikaribia kukutana. Ukichelewa kusema, wavutaji wanaendelea kujiumiza bure.

#9 Jongoo Mwendo
Mzee wa Lamu, hapo nimeiona picha kabisa. Lakini makapi mawili kukutana na basi kujaa watu, daraja lake liko wapi? Nimeuliza kwa Utingo, nauliza na kwako.

#10 Mwana wa Jahazi
Daraja ni kuishiwa nafasi. Hakuna kinachoweza kusogea tena. Basi la namna hiyo unalijua mwenyewe.

#11 Bosforo Kwetu
Nimesoma nikacheka kwa raha, kwa sababu nipo Istanbul na hapa neno hili nalisikia kila asubuhi kituoni. Kituruki "çok" (tamkeni chok) ni sana. "Kalabalık" ni msongamano, watu kujaa. "Çok kalabalık", imejaa mno! Semeni haraka mara tatu: chok-kalabalik, chok-a-bala, chok-a-blok. Hapa nimeambiwa na zaidi ya mtu mmoja kwamba askari wa Kiingereza waliokuja vita vya Crimea mwaka 1853 hadi 1856, wakipigana upande mmoja na Waturuki, ndio waliolibeba neno hili kwao. Sauti ni ileile na maana ni ileile. Makapi ya nini tena?

#12 Kigogo wa Mikoroshini
Hii imekaa vizuri kuliko zote!

#13 Winchi Nambari Nne
Hata mimi imenishika. Haihitaji daraja.

#14 Kasri la Maneno
Samahani Bosforo, imekaa vizuri lakini tarehe zinaikataa. Mwaka 1834 kijana mmoja aitwaye Richard Henry Dana alipanda meli Boston kama baharia wa kawaida, akazunguka Amerika ya Kusini hadi California, akarudi mwaka 1836. Simulizi yake ilichapwa 1840, na ndani yake anaeleza walivyovuta kamba za kupunguzia tanga "chock-a-block". Mwaka 1840. Vita vya Crimea vilikuwa bado miaka kumi na mitatu. Na kwake hakuna umati wa watu wala soko, kuna kamba na tanga.

Halafu ipo kamusi ya maneno ya mabaharia ya Admirali Mwingereza William Henry Smyth, iliyochapwa 1867, miaka miwili baada ya yeye kufariki. Anasema "chock-a-block" ni sawa na "block-a-block", kapi la chini limevutwa hadi limegusana na la juu, huwezi kupandisha zaidi. Anachosema Mwana wa Jahazi, neno kwa neno.

#15 Jongoo Mwendo
Dana huyo alikuwa jeshi la majini la Uingereza?

#16 Kasri la Maneno
Hapana, Mmarekani, tena mwanafunzi wa Harvard aliyekwenda baharini macho yalipomsumbua. Baadaye akawa mwanasheria.

#17 Bosforo Kwetu
Mwalimu nakubali tarehe ya Crimea imevunjika. Lakini mabaharia wa Kiingereza hawakuanza kuja bandari za Waturuki mwaka 1853. Biashara ya zabibu kavu na tini za Izmir ilikuwepo zamani sana. Baharia anasikia "çok kalabalık" gatini, anakwenda nalo chomboni, linakutana na "block" yake, vinaoana. Mbona Kiswahili chetu kimejaa ndoa za namna hiyo?

#18 Kasri la Maneno
Linawezekana, ila lingeanza kwa maana ya watu kujaa kisha lihamie kwenye kamba. Maandishi yanaonyesha safari kinyume chake.

#19 Winchi Nambari Nne
Narudi, maana Mwana wa Jahazi amenigusa kazini kwangu. Naendesha kreni bandarini. Kule juu kwenye ncha ya mkono wa kreni kuna magurudumu ya waya, na chini inaning'inia ndoano na kapi lake, chuma kizito. Ukipandisha ndoano bila kuangalia, kapi la ndoano linapanda mpaka linagonga ncha ya mkono. Kwetu jambo hilo lina jina, "two-block". Mota haina habari, yenyewe inaendelea kuvuta. Kisichokatika leo kitakatika kesho, na chini wapo watu.

Ndiyo maana kreni zina kifaa cha kuzuia hilo. Kwenye kreni ya kwanza niliyofundishiwa kilikuwa kipande cha chuma kinachoning'inia kwa mnyororo chini ya swichi, waya wa ndoano ukipita katikati yake. Kapi likifika linakinyanyua, mnyororo unalegea, swichi inaachia, king'ora kinalia na mota inakata. Siku ya kwanza kilipolia nilishtuka nikaachia kila kitu. Mwalimu wangu akaniuliza, "Umeona ilipoishia kamba?" Kumbe lilikuwa neno moja na la akina Dana. Smyth alitaja na "two blocks", mwalimu?

#20 Kasri la Maneno
Ndiyo. Katika maelezo hayohayo, "block-a-block" na "two-blocks" amezitaja pamoja.

#21 Kangaruu wa Tanga
Nipo Perth, Australia. Huku ni "chockers", wameliongezea mkia wa kwao. Maegesho chockers, ufukwe chockers. Na ukishakula nyama choma ukakataa sahani ya pili, unashika tumbo unasema "I'm chockers", nimeshiba ndi. Kwa hiyo Binti Saadani, sikio lako liwe tayari kwa hilo pia.

#22 Binti Saadani
Jamani asanteni, nimetoka zamu nikakuta uzi umekuwa hivi. Kangaruu, hilo la kushiba ndilo lililonikosesha wiki iliyopita, na sikutaka kulisimulia mwanzoni.

Nahudumia wazee. Kuna mzee mmoja, zamani alikuwa jeshi la majini, mikono yake bado mikubwa ingawa miguu imeisha. Nilikuwa namlisha uji wa shayiri asubuhi, akasukuma kijiko akasema, "I'm chocker, love." Nikajua ameshiba. Nikamfuta mdomo, nikatoa sahani, nikaandika kwenye daftari kwamba amekula nusu na ameshiba. Mchana tena, "chocker". Jioni tena. Siku ya tatu muuguzi mkubwa, mwenyeji wa hapa, akasoma daftari langu akaniuliza alisema neno gani hasa. Nilipomwambia akakaa kitandani kwa mzee akamshika mkono. Alikuwa hasemi kashiba. Kwa mabaharia wa jeshi la Kiingereza wa zama za vita kuu ya pili, "chocker" ni kuchoshwa, yamemfika kooni. Mzee alikuwa na huzuni siku tatu, na mimi naandika ameshiba.

Iliniuma sana. Ndiyo maana nikaja kuuliza hapa.

#23 Kigogo wa Mikoroshini
Pole dada. Hukuwa na namna ya kujua.

#24 Mwana wa Jahazi
Pole mwanangu. Na sasa umeona daraja alilokuwa akiuliza Jongoo. Makapi yamekutana, kamba haivutiki, moyo vilevile.

#25 Jongoo Mwendo
Nimeliona. Na mzee anaendeleaje?

#26 Maskati Pwani
Nipo Muscat, nimekaa kimya nikisoma. Hadithi ya Binti imenikumbusha jambo. Huku gari zikijaa barabarani tunasema "zahma". Ni msongamano tu, "leo zahma" na mtu anachelewa kazini. Neno hilohilo ndilo zahama ya Kiswahili. Lakini kwetu ukisema "yamemkuta zahama" hakuna anayefikiria foleni, wanafikiria balaa, vurugu, mashaka. Kusongwa na watu kumegeuka kusongwa na mambo. Chocker ya yule mzee ilipita njia hiyohiyo.

Na Bosforo, hiyo kalabalık yako ni Kiarabu kilichovaa mkia wa Kituruki. Mzizi ni ghalaba, kushinda, kuzidi. Sisi tumeuchukua mzizi huo katika aghalabu, yaani mara nyingi, sehemu kubwa. Kila anayeandika "aghalabu" kwenye insha ana jamaa yake kituo cha mabasi Istanbul.

#27 Bosforo Kwetu
Shehe, hili sikulijua! Nimekaa huku miaka minne.

#28 Theluji ya Göteborg
Niongeze moja. Kiswidi wana "kalabalik", na kwao ni ghasia, purukushani. Mfalme wao Karl wa 12 alikuwa mgeni wa Waturuki huko Bender, leo ipo Moldova, akakaa hadi wenyeji wakachoka, mwaka 1713 wakaja kumtoa kwa nguvu akapigana nao ndani ya nyumba. Waswidi wakaiita siku hiyo "kalabaliken" na neno likabaki. Kwa hiyo Kituruki kimewahi kulisafirisha neno hili Ulaya, simtetei Bosforo ila nalitaja.

#29 Bosforo Kwetu
Nitetee tu, nimebaki peke yangu.

#30 Jongoo Mwendo
Kwetu basi likijaa tunasemaje? Dar mtu anasema nyomi akiona umati. Gari "limejaa pomoni". Soko "limesheheni".

#31 Mwana wa Jahazi
Kusheheni ni la chomboni hilo, kutia shehena. Watu wanalisema leo kwa duka la nguo na kwa hotuba iliyosheheni methali, hakuna anayemkumbuka mpagazi wa gatini. Waingereza hawako peke yao.

#32 Winchi Nambari Nne
Na foleni je? Nilisikia ni Kiingereza cha jeshi, "fall in", ingieni mstarini. Askari wamekwenda, mstari umebaki benki na barabarani.

#33 Utingo Mstaafu
Daladala za Dar zina leveli siti, yaani hakuna wa kusimama. Kinyume kabisa cha chocka. Ukisikia konda anaita "leveli siti!" saa moja asubuhi, paa upesi.

#34 Kangaruu wa Tanga
Hiyo saa moja asubuhi ni kwa gari lililoanzia stendi. Kituo cha tatu huipati.

#35 Mwana wa Jahazi
Turudi kidogo. Jongoo aliniuliza la daraja, hakuna aliyeuliza makapi yakishakutana mnafanyaje. Na kazi mara nyingine haijaisha! Mnafunga mzigo mahali pake kwanza, mnalegeza kamba, kisha mnaivuta kinyume ili kuyatenganisha makapi, ndipo mnaanza kuvuta upya. Mabaharia wa Kiingereza kuyatenganisha huko waliita "overhaul".

#36 Utingo Mstaafu
Overhaul?! Hii ya injini? Nimesimamia ovahoo za injini tatu kwa mikono yangu, tunashusha kila kitu, tunatandaza turubai, pistoni, bearingi, gasketi, tunaosha na dizeli. Ndiyo hiyo?

#37 Kasri la Maneno
Ndiyo hiyo. Lilianza kwenye kamba, kulegeza na kutenganisha, likawa kufungua ili kukagua, likafika kwenye injini zenu.

#38 Utingo Mstaafu
Basi kigingi changu nakiacha pembeni kwa leo. Lakini sijakitupa. Kapi likigongana na kapi, hiyo "chock" ya mbele bado ni nini, kama si kitu kilichobanwa?

#39 Kasri la Maneno
Swali halali kabisa. Mabaharia walikuwa na "chock" ya kuongeza nguvu, yenye maana ya kufika mwisho kabisa, kugusana. Hiyo inaweza kuwa imetoka kwenye kabari yako, inaweza kuwa imetoka kwenye "chock-full" ya magari ya dhahabu. Mimi naegemea "chock-full". Mwana wa Jahazi?

#40 Mwana wa Jahazi
Mie naegemea sauti. Gofia ikigonga kapi inasema ko, chok. Hilo huliandiki kwenye kamusi lakini nimelisikia kwa masikio yangu.

#41 Binti Saadani
Jongoo uliuliza hali ya mzee. Leo mchana nimekaa naye nikamuuliza "chock-a-block" ni nini. Hakujibu kwanza. Akanyoosha mikono yote miwili mbele yake, akakunja ngumi, moja juu moja chini, akanitazama kama nipo tayari. Kisha akaanza kuzisogeza taratibu, anavuta pumzi kila hatua kama anavuta kamba kweli, mpaka vifundo vikagusana. "There," akasema. Nikamwambia kwetu kuna gofia na jarari, nikamchorea jahazi nyuma ya karatasi ya menyu kwa maelezo ya Mwana wa Jahazi. Foromali nilikosea, akanirekebisha mteremko wake. Aliwahi kuyaona majahazi Mombasa, meli yao ilipotia nanga huko akiwa kijana.

Nikamuuliza bado ni chocker? Akasema leo kidogo. Amemaliza sahani.

#42 Mwana wa Jahazi
Mwambie majahazi ya Lamu yanamsalimu. Na mchoro utume hapa tuuone huo mteremko.

#43 Bosforo Kwetu
Muulize pia kama waliwahi kutia nanga Izmir.